Digrii ya uanahabari kwa kijana wa Balambala: Kazi ipo, mshahara ndio haujulikani

Kama uko chuoni unasomea uanahabari na kila ukifungua simu unakutana na taarifa ya wanahabari waliopigwa kalamu, hauko peke yako. Na kama umetoka Balambala, wasiwasi wako una uzito zaidi. Huenda mbuzi kadhaa waliuzwa ndipo ukapata nauli na karo ya muhula wa kwanza. Ukirudi likizo, wazee wanakuuliza chini ya mti: "Hiyo kozi, ukimaliza, utaandikwa wapi?"

Swali hilo ni halali. Hebu tulijibu bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa ambaye hujawahi kufika huko, Balambala ni eneobunge la Kaunti ya Garissa, kando ya Mto Tana. Lilipatikana Dujis ilipogawanywa kabla ya uchaguzi wa 2013. Wadi zake ni Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Watu wengi huko wanategemea ngamia, ng'ombe na mbuzi, na wachache wanalima kando ya mto. Ukisikia jina la eneo hilo kwenye taarifa ya saa moja usiku, mara nyingi ni ukame, mafuriko au usalama. Wiki ikiisha, kimya.

Ni kimya hicho kinachofanya uamuzi wako kuwa mgumu. Soko la habari linakuambia kimbia, nyumbani wanakuhitaji ubaki. Wote wawili wanasema kweli.

Soko linasemaje?

Tuanze na ubaya, kwa sababu utausikia hata usipoambiwa. Mwaka 2016, Nation Media Group ilifunga vituo vyake vya redio nchini, Nation FM na QFM. Mwaka 2020, wakati wa korona, Standard Group ilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi 170. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ikatangaza mpango mwingine wa kuwaachisha kazi watu zaidi ya 300. Katikati ya hayo kuna mishahara iliyokatwa, mingine iliyochelewa kwa miezi, na wanahabari wenye majina makubwa walioaga hewani na kwenda kufungua chaneli zao za YouTube.

Sababu si siri. Matangazo ya biashara yamehamia Google, Facebook na TikTok. Serikali, ambayo ni mteja mkubwa, ina mazoea ya kukaa na madeni ya matangazo. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya mashirika ya umma yapelekwe KBC pekee. Kampuni ya kibinafsi iliyokuwa ikitegemea pesa hizo inafanyaje? Inapunguza watu.

Na inapopunguza, haianzi na mtangazaji wa saa moja. Inaanza na mwandishi wa mashinani. Huyu mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na habari isiyotumika ni hasara yake pamoja na mafuta ya pikipiki. Sasa piga hesabu ya mtu anayetaka kutoka mji wa Garissa kwenda Saka kufuatilia kisima kilichokauka. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza malipo yote ya taarifa hiyo.

Wengine walikuwa wakikuambia, "Usijali, kuna redio za nje." Ni kweli kwamba watu wa Kaskazini Mashariki ni wasikilizaji sugu. Idhaa ya Kisomali ya BBC ipo tangu 1957, na wazee wengi wanaijua saa yake kuliko wanavyojua saa ya ukutani. Sauti ya Amerika nayo ilikuwa na idhaa za Kisomali na Kiswahili. Lakini Machi 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kupunguza shirika linaloisimamia, na siku iliyofuata wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Waandishi wa huku Afrika Mashariki waliokuwa wakituma taarifa zao huko wakaachwa hewani.

Mlango mwingine ulikuwa mashirika ya misaada. Dadaab, iliyo na kambi za wakimbizi tangu 1991, iko Garissa, na vijana wengi waliosomea mawasiliano walipata riziki huko. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, riziki hiyo nayo ikatikisika.

Kwa hivyo mzee anayeuliza utaandikwa wapi hajakosea. Ukiona digrii ya uanahabari kama tiketi ya ajira, ni tiketi ya basi ambalo halina ratiba.

57 au 1,000?

Sasa geuza upande wa pili.

Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wanaume waliokusanywa na vikosi vya usalama walizuiliwa juani kwa siku kadhaa na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliofariki walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema walikaribia 1,000. Manusura wengine wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Miaka mitatu na ushei kabla, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na watu wakauawa baada ya maafisa wa serikali kushambuliwa mjini humo. Hadi leo hakuna idadi ya waliokufa ambayo pande zote zinaikubali.

Jiulize, ilikuwaje tofauti ikawa kubwa hivyo? Eneo lote lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizowekwa Desemba 1963 na kuondolewa 1991. Mwanahabari hangeweza kuingia na daftari, aulize, ahesabu, kisha atoke salama. Walioandika walikuwa wachache, na wengine hawakuwa wanahabari kabisa. Mmoja wao ni Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akihudumia wagonjwa Wajir. Alisaidia kuokota manusura na maiti, akafikisha habari nje ya nchi, kisha akalazimika kuondoka Kenya.

Linganisha na Aprili 2, 2015, magaidi wa al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa rika lako. Uchungu haukupungua hata kidogo kwa sababu ya kamera. Lakini idadi ilijulikana. Vijana mtandaoni walikataa wenzao waitwe takwimu, wakaanza kuweka majina na picha zao mmoja mmoja. Pia tulijua jambo ambalo wakubwa wangependa lipite kimyakimya, kwamba kikosi maalum cha Recce kilichelewa kutoka Nairobi. Iliripotiwa kuwa baadhi ya wanahabari waliosafiri kwa gari, umbali wa kilomita zaidi ya 360, walifika Garissa kabla yake. Aibu hiyo ilizua maswali bungeni na mitaani.

Pengo la kati ya 57 na 1,000 ndiyo kazi unayoisomea. Mtu anayeweza kufika, kuhesabu na kuandika asiposimama hapo, serikali itajaza pengo kwa hesabu yake na uvumi utajaza kwa hesabu yake. Familia zitabaki miaka 40 zikiomba mtu akubali tu kwamba wapendwa wao walikuwepo.

Na usidhani hayo ni ya zamani. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Kisha Novemba 2023 mvua za El Nino zikaleta mafuriko, barabara ya Garissa ikakatika pale Madogo. Aprili 2024 maji yakarudi, na boti lililokuwa likivusha abiria karibu na Kona Punda likazama, watu wakafa. Nairobi ilituma wapigapicha kwa boti na barabara. Lakini nani aliandika habari ya familia za Balambala zilizopoteza mifugo kwenye ukame, zikakopa ili zilime kando ya mto, kisha mto ukabeba shamba? Taarifa hiyo inahitaji mtu wa kurudi mara tatu, si mara moja.

Sasa hivi nani anaripoti?

Pengo halikai tupu. Leo habari za Balambala zinasafiri kwa WhatsApp, TikTok na kurasa za Facebook. Mara nyingi ndizo za kwanza, na kusema kweli, zimesaidia. Mtu anarekodi daraja lililovunjika, baada ya saa moja kaunti nzima inajua.

Shida inaanza pale habari inapokuwa na mwenyewe. Ukurasa mmoja ni wa mwanasiasa. Mwingine unaendeshwa na kijana anayelipwa na mpinzani wake. Sauti inasambazwa ikisema watu wa ukoo fulani wameshambuliwa kwenye malisho. Kumbe ni ya mwaka juzi, tena ni ya kaunti nyingine. Kufikia mtu akiuliza "hii imetoka wapi?", vijana tayari wamechukua silaha.

Hapa ndipo digrii inaonyesha thamani yake. Haikufundishi kushika simu, hiyo unajua tangu Fom Tu. Inakufundisha kuuliza chanzo ni nani, kutafuta wa pili, kumpigia unayemtuhumu kabla ya kuchapisha, kutomtaja mtoto aliyedhulumiwa, na kujua ni lini ukweli wako unaweza kukupeleka kortini. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 iliweka kwa kosa la kuchapisha habari za uongo faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka 10. Yule jamaa wa TikTok hajui hata sheria hiyo inaitwaje. Wewe utaisoma darasani.

Na kuna kitu ambacho chuo hakiwezi kukupa kwa sababu ulikuja nacho. Unajua Kisomali. Unajua mzee gani huulizwa kwanza, na nyumba gani huingii bila salamu ya mama mwenye nyumba. Kama wewe ni msichana, unaweza kukaa na akina mama usiku wakazungumzia ukeketaji kwa namna ambayo mwandishi wa kiume kutoka Nairobi hataisikia maishani. Akili bandia inaweza kuandika aya tano kuhusu ukame kwa sekunde mbili, lakini haiwezi kwenda Danyere kuhesabu mizoga ya mbuzi.

Wakazi wa kwetu wana mzaha wao: mtu akisafiri kwenda Nairobi, husema anaenda "Kenya". Mzaha huo una uchungu ndani yake. Kwa miaka mingi habari za Kaskazini Mashariki zimeandikwa na watu waliotoka "Kenya" wakarudi "Kenya" jioni hiyo hiyo. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, tume ya walimu iliwahamisha walimu wasio wa eneo hilo, na shule nyingi zikabaki bila mtu wa kushika chaki. Tulijifunza kwa machozi kwamba huduma inayotegemea wageni pekee huondoka nao. Habari ni hivyo hivyo.

Usidanganywe pia

Hata hivyo, kuwa mtoto wa nyumbani kuna gharama, na wahadhiri wengi hawaitaji. Nairobi ukiandika kwamba basari imeliwa, mhusika hajui unaishi wapi. Balambala anajua baba yako ni nani, mko ukoo gani, na dada yako ameolewa wapi. Hatakupigia wewe simu, atampigia mjomba wako. Jioni mjomba atakuja polepole: "Mwanangu, hiyo habari si unaweza kuiacha tu?"

Kisha kuna bahasha. Kwa mwandishi asiye na mshahara, "nauli" ya mwanasiasa baada ya mkutano ni chakula cha wiki. Maadili uliyoyapitia kwenye mtihani kwa alama 20 yanakutana na tumbo. Kabla ya kumhukumu mwenzako aliyepokea, jua kwamba mfumo unaomlipa kwa habari moja moja ndio uliompeleka huko. Lakini jua pia kwamba ukipokea mara moja, kaunti nzima itajua bei yako.

Wakubwa nao hawajakaa kimya. Januari 30, 2018, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kupeperusha "kiapo" cha Raila Odinga. Juni 25, 2025, wakati wa maandamano ya kukumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, na mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa hadi korti ilipoingilia. Kama vituo vya Nairobi vyenye mawakili vinazimwa hivyo, mwandishi mmoja mwenye pikipiki afanyeje?

Halafu tazama wale tuliokua tukiwatamani. Mohamed Ali wa "Jicho Pevu" aliacha upekuzi akawa mbunge wa Nyali 2017. Hussein Mohamed aliyekuwa Citizen akawa msemaji wa Ikulu 2022. Ni haki yao, na hakuna sheria waliyovunja. Lakini kijana anayewaangalia anasoma somo jingine: kwamba uanahabari ni ngazi ya kupandia kwingine. Ukiingia na wazo hilo, kila habari utaiandika ukiwa na jicho moja kwa mwajiri wako wa kesho. Wasikilizaji watalijua jicho hilo kabla yako.

Ufanye nini basi?

Usiache kozi kwa sababu ya hofu, na usiikamilishe kwa kiburi. Ibebe kama nusu ya mzigo, kisha tafuta nusu ya pili.

Kwanza, ongeza ujuzi wa kitu kingine unachoweza kukiandika na pia kuishi nacho: mifugo, afya ya umma, sheria, takwimu au maji. Mhariri ana watu kumi wa kuandika siasa. Mtu anayeweza kueleza kwa nini chanjo ya ngamia ilichelewa, na pesa zake zilienda wapi, anaweza kumkosa kabisa. Na siku chumba cha habari kikifungwa, ujuzi huo bado unalisha.

Pili, jifunze kuandika Kisomali, si kukizungumza tu. Kimekuwa na maandishi rasmi ya herufi za Kilatini tangu 1972, lakini vijana wengi waliosoma shule za Kenya wanakiongea vizuri na kukiandika kwa kubahatisha. Ukiwa na Kiswahili, Kisomali na Kiingereza vya kuandika, unaweza kufanya kazi Star FM, KBC, BBC au shirika lolote linalohudumu eneo hili. Atachimenti yako itafute huko, usingoje kuonekana Nairobi.

Tatu, anza kabla ya digrii. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba stakabadhi za umma, na afisi husika ina siku 21 kujibu. Huhitaji kitambulisho cha mwanahabari. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti kuhusu Kaunti ya Garissa ziko mtandaoni bure. Chukua mradi mmoja wa wadi yako, tuseme zahanati au kisima. Soma karatasi inasema nini, kisha nenda ukautazame kwa macho. Ukikuta karatasi inasema umekamilika na wewe unaona msingi na nyasi, hiyo ni habari yako ya kwanza. Mpigie mhusika, mpe nafasi ya kujibu, andika anachosema.

Nne, usiende peke yako. Mwandishi mmoja ni rahisi kutishwa kupitia mjomba wake. Wanne kutoka koo tofauti, wakichapisha habari moja kwa majina yao yote, ni vigumu kuitwa kibaraka wa upande mmoja. Waulize pia wahariri wa Nairobi jambo ambalo wanafunzi huogopa kuuliza: habari yangu italipwa pesa ngapi, na nauli ni ya nani?

Swali hilo la mwisho si la mwanafunzi pekee. Kampuni za habari zinapotuma gari Garissa siku ya maafa na kukataa kulipa nauli ya Saka siku ya kawaida, zinachagua kwamba eneo hilo litajulikana kwa maafa tu. Serikali inayoagiza matangazo yake yaende kituo kimoja inachagua ni nani atakayefunga. Na wewe msomaji unayetaka kila kitu bure una mchango wako mdogo kwenye hesabu hiyo.

Basi ukirudi likizo na mzee akakuuliza tena utaandikwa wapi, mwambie ukweli wote. Mwambie huenda usiandikwe haraka, na ndiyo sababu unasomea na kitu kingine. Kisha muulize yeye waliokufa Bulla Kartasi walikuwa wangapi. Mpe muda ajibu, na uandike atakachosema.